Foleni ilitulisha Busia, na sasa foleni imeisha

Kama umewahi kupanda boda boda, iwe ni Mwanza, iwe Nakuru, iwe Gulu, basi ujue umetumia neno lililozaliwa kwetu. Mimi ni mtoto wa Busia, upande wa Uganda, na wazee wetu walishuhudia vile lilianza: kati ya geti la Kenya na geti la Uganda kulikua na kipande cha barabara ambacho lazima ukikate kwa miguu na mzigo wako kichwani, na vijana wenye baiskeli wakaona hapo kuna kazi, wakawa wanasimama wakiita abiria "boda! boda!", yani nikutoe mpaka huu nikufikishe mpaka ule. Kazi ilizaliwa kutokana na umbali wa mageti mawili. Naanza na hiyo kwa sababu karibu kila kazi niliyoikuta Busia nikiwa mtoto ilizaliwa hivohivo, kutokana na mtu kuzuiwa mahali, kuchelewa mahali, kusubiri mahali.

Mama yangu aliuza chakula. Saa tisa usiku alikua ashawasha sigiri, chai inachemka, chapati zinaiva, kwa sababu dereva aliyelala ndani ya gari anaamka mapema na akiamka anataka kitu cha moto. Foleni ndefu kabisa ya malori ilikua upande wa Kenya lakini wakishavuka walikua wanakwama tena kwetu, yadi imejaa, wengine wamepaki pembeni mwa barabara, siku moja, siku mbili, kuna wakati hata siku nne wakisubiri karatasi. Mchana posho, yani ugali, na maharage, jioni samaki wa Majanji, kule ziwani. Taniboi mmoja, yule msaidizi wa dereva, akikaa siku tatu alikua anakula sahani tisa kwa Mama, mimi ndo nilikua naandika deni kwenye daftari, na hilo daftari lilinilipia karo ya sekondari kuanzia senia wan mpaka senia foo. Sioni aibu kusema.

Na haikua Mama peke yake. Kulikua na wenye gesti, wauza maji ya kuoga kwa jerikani, mafundi wa matairi, wanaobadilisha pesa, walinzi wa usiku wa kuangalia turubai lisikatwe. Kulikua na wale ndugu zetu walemavu na baiskeli zao za magurudumu matatu, hawa historia yao ni ndefu, tangu siku za magendo ya enzi ya Amin walikua wanavusha bidhaa kwa sababu maaskari hawakua na moyo wa kuwapekua sana, na baadae ikawa biashara inayojulikana kabisa, wana vikundi vyao, wanasomesha watoto. Mji mzima ulikua unakula foleni.

Mimi mwenyewe niliingia kwenye karatasi. Mwaka 2008 nilipata kazi kwa ofisi moja ya klaring, yani ya kuwatolea wateja mizigo forodhani, kwanza nikiwa mtu wa kukimbiza mafaili, dirisha hili mhuri, dirisha lile sahihi, rudi kwa bosi, toka tena, halafu polepole nikafundishwa kujaza entri, yani fomu za forodha za mzigo, kwenye kompyuta. Ilikua kazi nzuri. Nilioa kwa hiyo kazi.

Mwaka 2014 ukaanza ule mfumo wa himaya moja ya forodha, na kwa asiyeujua nieleze kidogo. Zamani kontena la Kampala likitoka bandari ya Mombasa lilikua linasafiri na ushuru wake haujalipwa, likifika kwetu ndo hesabu inafanyika. Sasa ikawa ushuru wa Uganda unakadiriwa na kulipwa mzigo ukiwa bado Mombasa, gari likifika mpakani ni kuhakiki tu na kupita. Safari ya Mombasa mpaka Kampala iliyokua inatajwa kuwa siku 18 ikashuka mpaka kama siku 4. Fikiria hiyo tofauti. Kwa mwenye duka Kikuubo, kule sokoni Kampala, ni baraka tupu, pesa yake inazunguka haraka, na kwa nchi isiyo na bahari kila siku inayokatwa njiani ni shilingi inayobaki mfukoni kwa mtu. Lakini sisi tuliokua katikati, wale wa mihuri na entri, kazi yetu ilihamia Mombasa na Kampala ndani ya karibu mwaka mmoja tu. Ofisi yetu ilikua na watu kumi na moja. Ikabaki na wawili, halafu ikafungwa, na mimi nikatoka na kiti cha plastiki na mafaili ya wateja ambao hawakurudi tena.

Halafu tarehe 24 Februari 2018 wakaja marais wawili, Museveni na Uhuru Kenyatta, kufungua rasmi kituo cha pamoja cha mpaka. Nilikua pale nimesimama juani na watu wengine. Majengo mazuri, yadi pana, lami, taa, na utaratibu wenyewe una akili: ukitoka Kenya husimami tena Kenya, unaenda moja kwa moja upande wa Uganda na hapo maofisa wa nchi zote mbili wamekaa jengo moja, unamalizana nao wote mara moja. Nilipiga makofi, na nilipiga kwa moyo. Nikamwangalia Mama aliyekua kando yangu, yeye hakupiga. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa hao madereva watakula wapi?"

Hilo swali la Mama ndo limenifanya niandike haya yote, nimelibeba miaka.

Naomba nieleweke vizuri, mimi sitaki foleni irudi. Foleni ilikua inapandisha bei ya kila kitu nchini, mpaka bei ya dawa. Na iliwahi kurudi kwa muda mwaka 2020 wakati wa korona, madereva wakipimwa mpakani na kusubiri majibu, tirela zikajipanga mpaka macho hayaoni mwisho, na haikulisha mtu, maana hakuna aliyeruhusiwa hata kumsogelea dereva. Kwa hiyo nafurahi kwamba serikali iliwekeza kumaliza kusubiri. Ninachosema ni kwamba pale inapoondoa kitu ambacho mji mzima ulikua unakitegemea, basi kwenye mpango huohuo, bajeti hiyohiyo, lazima kuwe na ukurasa unaoandika huu mji utaishi kwa nini kuanzia kesho. Mimi huo ukurasa sijauona. Majengo ya forodha, mizani, kamera, barabara kuu, vyote ni vya yule anayepita. Kwa anayebaki kuna nini?

Shida naiona imeanzia kwenye kuhesabu. Pesa zinazotoka Kampala kwenda wilayani na mijini zinatazama sana idadi ya wakazi, na mkazi ni yule aliyelala pale usiku wa sensa. Sasa mji wa mpaka una watu wake, halafu una maelfu wanaopita kila siku, na hawa wanaopita wanatumia choo, wanaacha takataka, wanakunywa maji, wanaumwa na kutibiwa kwenye hospitali yetu, na watu wa upande wa pili pia wanavuka kuja kutibiwa na sisi tunavuka kwenda kwao, ndo maisha ya mpakani, shangazi yangu ameolewa ng'ambo na tunazikana. Hawa wote kwenye hesabu hawapo. Ushuru wa forodha unaokusanywa pale unaenda wote kwenye mfuko mkuu wa serikali, ambavyo ni sawa kisheria, nchi ni moja. Mji unabaki na leseni za maduka, ada za soko, pakingi. Na pakingi yenyewe ndo hiyo, gari halipaki tena!

Jambo lingine ni hadhi. Kulikua na mradi wa USMID, ule wa Benki ya Dunia wa kujenga barabara za ndani ya miji, ulianza mwaka 2013 na manispaa 14, ukiingia Mbale au Gulu au Kabale utaziona hizo barabara zina mitaro, taa, njia ya waenda kwa miguu, kazi nzuri kweli. Mwaka 2018 ukaongezwa na Busia tukaingia, tunashukuru. Lakini Malaba? Katuna? Mutukula? Elegu? Hiyo miji mingine ya mpakani haikuingia kwa sababu sio manispaa, na huwi manispaa mpaka uwe na wakazi wa kutosha, hapo tunarudi palepale kwenye kuhesabu waliolala. Malaba inapitisha mizigo ya nchi karibu nne lakini kwenye karatasi ni tauni kaunsili, mji mdogo, kama ile ya ndani ndani ambako gari likipita watoto wanatoka kuangalia.

Katiba yetu ya 1995 imeshalisema hili, na mimi sio mwanasheria lakini nimeisoma. Kwenye malengo ya taifa pale mwanzoni, lengo la 12, limesema serikali ichukue hatua kuleta maendeleo yenye uwiano kati ya sehemu mbalimbali za Uganda na kati ya vijijini na mijini, halafu likaongeza hatua maalumu kwa sehemu zilizobaki nyuma zaidi. Ukienda ibara ya 193 kuna kabisa ruzuku ya kusawazisha, kwamba serikali ya mtaa iliyo chini ya wastani wa taifa kwenye huduma fulani ipewe nyongeza. Maneno mazuri sana haya, natamani yasomwe redioni kila asubuhi. Ila mji wa mpaka unajificha ndani ya wastani wa wilaya. Ukichukua wilaya nzima utaona shule zipo, visima vipo, bas unaambiwa hamjabaki nyuma sana, wakati pale mjini kwenyewe mtaa mmoja unagombania bomba moja.

Wenzetu wa Busia ya Kenya tunawaona kwa macho, ni kuvuka tu. Tangu mwaka 2013 wana kaunti yao na katiba yao inasema kaunti zote zigawane si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na hiyo pesa ikifika wao wenyewe wanapanga barabara gani ianze. Sisemi kwao hakuna matatizo, wana mengi na wanalalamika kila siku, ninakaa nao. Lakini wakilalamika wanajua mlango wa kugonga. Kwetu pesa nyingi zinakuja zikiwa zimeshaandikwa kazi yake kutoka juu, hii ya mishahara, hii ya madarasa, na diwani wetu hata akiwa na wazo zuri namna gani hana pa kuliweka.

Nimetembea kidogo mipaka mingine, baada ya klaring kuisha nilikua nafuatana na binamu yangu mwenye lori, na kila nilipofika niliona ugonjwa uleule umevaa nguo tofauti. Katuna, mpakani na Rwanda, nilifika mwaka 2020. Rwanda ilifunga upande wake wa Gatuna mwishoni mwa Februari 2019 na haukufunguliwa rasmi mpaka tarehe 31 Januari 2022, karibu miaka mitatu mizima, na kwa hiyo miaka yote lami ya kutoka Kabale ilikua palepale, nzuri, haina gari. Nilikaa kwenye mgahawa pale nikawa mteja peke yangu tangu saa nne mpaka saa saba. Mwenye mgahawa akanionyesha funguo za vyumba kumi na viwili vya kulala wageni, zimetundikwa ukutani kwa mstari, zote. Mji ulikua na kazi moja tu na hiyo kazi ilitegemea marais wawili wawe wanaongea vizuri.

Elegu nako, mpakani na Sudan Kusini, ukitoka Gulu ni lami mpaka mwisho, kipande cha Atiak mpaka Nimule cha kilomita 35 kilijengwa kwa mkopo wa Japan, na kituo cha pamoja cha mpaka kipo. Lakini mto Unyama ukifurika unaingia mjini, maduka yanajaa maji, watu wanabeba magodoro vichwani. Barabara kuu imeinuliwa juu, maji hayakuigusa siku tuliyopita. Tulipita na lori letu bila shida yoyote huku chini kushoto na kulia watu wanachota matope ndani ya nyumba zao. Nilishindwa kuongea mpaka tulipofika Atiak.

Na Mutukula, mpakani na Tanzania, niliambiwa kitu ambacho sikukijua: kwa miaka mingi umeme wa Bukoba na sehemu kubwa ya Kagera ulikua unatoka kwetu Uganda, kwa laini kubwa inayotokea Masaka. Ile laini inapita juu ya vijiji vya mpakani, kijiji kinausikia ukivuma usiku, ndani ya nyumba wamewasha tadooba, kataa ka mafuta ya taa. Nyaya za namna ile hazishuki kijijini bila kujengewa kituo cha kupoza umeme, najua, ni pesa. Lakini ukishaamua kupitisha kitu kikubwa juu ya kichwa cha mtu, gharama ya kumshushia kidogo si ingeandikwa tu kwenye mradi tangu siku ya kwanza? Sasa bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima mpaka Tanga, kilomita 1,443, nalo linapita Kyotera na Rakai kuelekea huko. Ni jambo hilohilo.

Sasa niseme kile ambacho kingefanywa, maana kulalamika peke yake ni rahisi.

Mnakumbuka Machi 2021, Kenya ilizuia mahindi ya Uganda kwa sababu ya sumu ya aflatoxin? Malori yalikwama Busia na Malaba, watu wa Masindi na Kapchorwa wakawa wanapiga simu kuuliza magunia yao, na baada ya siku chache zuio likalegezwa kwa masharti, mzigo uwe na cheti kwamba umepimwa. Watu walikasirika wakasema ni siasa. Mimi nilikua nashusha magunia siku hizo kwa kibarua, na nawaambia mahindi mengine yalikua na joto ukiingiza mkono, yalikua hayajakauka. Tunaanika chini kwenye udongo pembeni ya barabara, mvua ikija tunakusanya mbiombio, halafu tunashangaa ukungu. Hapo ndo kuna kazi ya mji wa mpaka! Weka mashine kubwa za kukausha pale Busia. Weka maabara ya kupima, majibu yatoke siku hiyohiyo. Weka maghala mazuri, vyumba baridi vya samaki na mayai na maziwa, mashine za kusaga na kufungasha ili tuvushe unga badala ya kuvusha punje. Hizo ni kazi ambazo mteja hachelewi lakini mji unakula, na kijana wa klaring aliyejua karatasi angepata meza pale.

Kwa wale akina mama wa mzigo mdogo kuna utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000 unapata cheti palepale mpakani na hulipi ushuru wa forodha. Ni msaada mkubwa. Lakini nenda pale mitaa ya Sofia au Marachi, hapa Busia, jioni utaona bado wengi wanapita njia za panya, na ukiwauliza, wengi hawajui hicho cheti, wengine wanasema wakifika na kapu la nyanya kwenye lile jengo kubwa lenye vioo wanaogopa, hawajui waanzie dirisha gani. Jengo limejengwa kwa kipimo cha tirela. Kibanda kidogo cha akina mama chenye mtu mmoja anayeongea Kisamia, lugha ya kwetu, na Kiswahili kingeokoa watu wengi kuliko kamera kumi.

Kuna kazi nyingine imefanyika vizuri na lazima niisifu, barabara ya Musita mpaka Lumino na Busia na kushuka Majanji, kilomita 104. Hiyo haikujengwa kwa ajili ya kontena la Mombasa. Imejengwa kupita kwa wavuvi na wakulima wa Mayuge na Namayingo na kwetu, na mabadiliko yake nimeyaona kwa Mama mwenyewe, siku hizi haamki saa tisa kusubiri madereva, anachukua samaki Majanji asubuhi wakiwa bado wanang'aa na saa nne yuko sokoni. Faida ni ndogo kuliko zamani lakini ni yake, haitegemei mtu kukwama.

Na nchi inaweza ikitaka. Mwaka 2021 ilianzishwa kazi ya barabara ndani ya Kongo kwenyewe, Kasindi mpaka Beni, kuelekea Butembo, na Bunagana mpaka Goma, kilomita 223, na Uganda ikakubali kuchangia asilimia 20 ya gharama. Wengine walipinga bungeni, mimi niliona ni sawa, Kongo inanunua kwetu sana na barabara mbovu ya mteja ni hasara ya muuzaji. Basi kama tunaweza kufikiria mpaka Beni, tunashindwaje kufikiria mitaro ya Mpondwe, mji wetu wa mpakani na Kongo?

Sasa inakuja reli. Mkataba wa SGR, reli ya kisasa, ya Malaba mpaka Kampala ulisainiwa Oktoba 2024, kilomita 270 na ushei, jiwe la msingi likawekwa Tororo mwezi uliofuata. Nina furaha nayo, kwa sababu kontena likipanda treni barabara zetu zitapumua na ajali za tirela pale Bugiri zitapungua, nimezika rafiki wawili kwa hizo ajali. Lakini dereva wa tirela, ambaye siku hizi anasimama Malaba masaa machache tu badala ya siku mbili, huyo naye ataondoka kabisa. Miaka ya kujiandaa ipo, haijapita. Sa hii ndo wakati wa kuuliza wapi patakua na yadi ya kushushia mizigo, nani atapewa vibanda, maji yatatoka wapi, vijana wa Malaba na Tororo wanafundishwa ufundi gani.

Mama mdogo bado anauza chakula Malaba, karibu na pakingi. Nilienda kumwona wiki mbili zilizopita, nikamsomea habari za reli kwenye simu, akasikiliza yote huku anageuza chapati.

"Hiyo treni," akaniuliza, "itasimama hapa muda gani?"

Nikamwambia treni ya mizigo huwa haisimami kama basi, mama. Akanyamaza kidogo. Halafu akaniambia nihesabu sahani zilizobaki kwenye beseni, nikahesabu zikawa ishirini na sita, na ilikua tayari saa nane mchana.